Kutafuta Sababu ni Adabu kwa Muumba

Anayeamini kwamba kila jambo hutokea kwa kutaka kwake Mwenyezi Mungu, ana haja gani ya kutafuta sababu? Wanafunzi wa tauhidi hulisoma swali hili vitabuni. Mimi nalikuta kazini. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Unguja, na mashine inapokataa kutengenezeka, neno la kwanza ninaloambiwa ni kwamba Mungu hajapenda. La pili husemwa kwa sauti ya chini, kwamba ipo husda. La kwanza ni kweli kwa kila muumini, nami ni mmoja wao. Ninachokipinga ni kulitamka kabla hatujatazama.

Nichukue mfano ninaoujua vizuri. Madrasa moja ilikuwa na kompyuta ya mtumba, Pentium 4 yenye RAM ya MB 256, na mtu akawapa CD ya Windows XP iliyopunguzwa. Zama za XP, CD za namna hiyo zilikuwa nyingi. Fundi huchukua CD ya asili, na kwa programu kama nLite huondoa michezo, lugha na draiva asizozihitaji, huingiza Service Pack 3 iliyotoka mwaka 2008, kisha huchoma CD mpya. Kwa mashine dhaifu ni msaada mkubwa. Lakini CD ile haikufika mwisho. Iliandaa diski ngumu, ikanakili faili zake zote bila kosa, ikahesabu sekunde 15, ikaiwasha mashine upya, halafu ikarudi mwanzo kabisa na kuuliza tena isakinishe wapi. Ukiiruhusu, inanakili tena, inawaka upya tena, na kurudi palepale.

Mwalimu wao ni mtu mzima ambaye namwamkia shikamoo tangu nikiwa mtoto. Aliniambia, "Mwanangu, tushajaribu na tushasoma dua. Huenda Mungu hajapenda ifanye kazi."

Nikamjibu, "Maalim, huenda. Nipe ruhusa kwanza nitazame amelipanga vipi."

Kutazama kwenyewe kuna utaratibu wake: badilisha jambo moja, mengine yaache kama yalivyo. CD ileile nikaitia katika mashine nyingine, ikazunguka vilevile. Basi kosa halikuwa kwenye RAM ya madrasa wala kwenye pawasaplai. CD ya asili nikaitia katika mashine ya madrasa, ikasakinisha hadi mwisho. Tofauti ikabaki ndani ya CD. Nikazifungua zote mbili na kulinganisha folda ya I386, faili kwa faili, na katika ile iliyopunguzwa faili moja ndogo haikuwepo: bootfix.bin.

Kazi ya faili hilo ni hii. Usakinishaji wa XP una awamu mbili. Ya kwanza hunakili faili kwenye diski ngumu. Baada ya kuwaka upya, mashine inatakiwa iwake kutoka diski ngumu hiyo ili ya pili iendelee, huku CD ikiwa bado ndani kwa sababu itahitajika. Bayosi ikiwa imepangwa kuanza na CD, kinachoiokoa mashine ni lile ombi la kubonyeza kitufe chochote. Usipobonyeza, mashine inaiacha CD na kwenda kwenye diski ngumu. Ombi hilo huletwa na bootfix.bin. Faili likikosekana, CD haiulizi kitu, inaanza tu. Tulipoipanga bayosi ianze na diski ngumu mara baada ya awamu ya kwanza, usakinishaji ulikamilika. Kisha nikalirudisha faili mahali pake na kuchoma CD nyingine.

Hakuna kilichoharibika pale. Bayosi ilifuata mpangilio wake, CD ilisomeka, diski ngumu ilipokea kila ilichopewa. Hata dalili yenyewe ya kuwaka upya haikutosha kunipa jibu, kwa kuwa inaweza kuletwa na jambo jingine kabisa. XP ilitoka mwaka 2001 bila draiva za AHCI. Ikikuta kidhibiti cha SATA kimewekwa katika hali ya AHCI, inashindwa kuifikia diski, inatoa kosa 0x0000007B, na pengine mashine inawaka upya kabla hujalisoma. Dalili ni moja, asili ni mbili, na akili peke yake, bila kufungua na kulinganisha, haiwezi kuzitenganisha.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Imam Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alitoa hoja inayoshtua hadi leo. Pamba ikikaribiana na moto huungua, lakini macho yetu yanaona mambo mawili yakifuatana tu. Hayaoni ulazima wowote unaoyafunga pamoja. Anayeumba kuungua ni Mungu, na angetaka, pamba isingeungua. Yeye mwenyewe aliliona pingamizi litakalokuja: basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani atajuaje kwamba hakijageuka farasi? Akajibu kwamba Mungu ametuumbia ujuzi kuwa mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayafanyi. Ameiendesha dunia kwa desturi, na desturi hiyo imekaa imara katika akili zetu.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyezaliwa mwaka 1126, alimjibu kwa ukali kwamba anayeziondoa sababu ameiondoa akili, kwa maana kujua kitu ni kujua kilivyosababishwa. Mafundi wengi, wakijua au bila kujua, wako upande wa Ibn Rushd. Na wapo wanaodai kwamba Ghazali ndiye aliyetuzoesha kuketi na kungoja.

Mimi naona kinyume chake. Kama mpangilio wa dunia ungekuwa wa lazima, ningeweza kuketi kitini na kuufikiri wote kichwani, kama hesabu. Lakini kama umekuwa hivi kwa kuwa Mwenye kupanga amechagua, naye angeweza kuchagua vingine, basi hakuna njia ya kuujua ila kwenda kuutazama. Hakuna hoja ya akili ambayo ingenifikisha kwenye bootfix.bin. Kuna watu waliamua kwamba ombi lile likae katika faili lile, ndani ya folda ile. Wangeweza kuamua vingine. Nilijua walivyoamua kwa kuifungua kazi yao na kuisoma. Dunia ya Ghazali ndivyo ilivyo kwangu: ni kazi ya Mwenye hiari, na kazi ya mwenye hiari haikisiwi, husomwa. Tena desturi yake ni amana. Kama leo isingefuata desturi ya jana, kujaribu CD moja katika mashine mbili kusingenifundisha chochote. Kila jaribio la fundi limesimama juu ya uaminifu ambao si yeye aliyeuweka duniani.

Kwa hiyo Mungu hashindani na sababu, kana kwamba ikipatikana moja Yeye anasogea nyuma hatua moja. Faili lilipoonekana, imani yangu haikupungua. Niliongezewa kitu cha kushukuria.

Jambo hili lina uzito kuliko kompyuta. Sikatai kwamba husda ipo. Dini yenyewe imeitaja. Lakini kumtuhumu jirani wakati folda haijafunguliwa ni dhuluma, na dhuluma hiyo imevunja undugu katika mitaa yetu. Mtoto mwenye homa akikosa kipimo cha malaria kwa sababu wakubwa wameshaamua kuwa ni kudra, wamelitumia jina tukufu kufunika uvivu wao.

Kudra ni kweli, lakini imani nayo ina zamu zake. Kabla ya kutazama, muumini anasema "sijui bado," na hilo ni neno la unyenyekevu lisilo na aibu. Akitazama, anatazama kwa uaminifu, jambo moja kwa wakati mmoja. Akishamaliza uwezo wake na mlango haukufunguka, hapo ana haki ya kusema Mungu hajapenda, na neno hilo litakuwa tawakali. Akilisema mapema, atakuwa amemsemea Mungu jambo ambalo hakumuuliza.