Amri Iliyotolewa Kabla ya Tukio

Programu ya kufuatilia seva hutazama kwanza. Kila baada ya muda mfupi huuliza kama tovuti inajibu, kama diski imekaribia kujaa, kama hifadhidata ingali hai. Wengi huiongezea kazi ya pili, nayo ni kutenda. Msimamizi wa mifumo huandika mapema skripti, yaani mfululizo mfupi wa amri, akaifunga kwenye sharti: tahadhari fulani ikilia, amri hizo ziendeshwe kwenye mashine ya mbali, usiku au mchana, bila mtu kuulizwa. Huduma iliyozimika huwashwa upya, faili za logi zilizopitwa na wakati hufutwa, seva iliyoelemewa hupumzishwa. Nagios, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ina uwezo huo, na programu nyingi zilizoifuata zinao.

Fundi hulihesabu jambo hili kuwa la ufanisi. Ndani yake, hata hivyo, mna swali lililotangulia umeme: tendo lililoamriwa kwa sharti, likatimia aliyeliamuru akiwa amelala, ni la nani?

Wanazuoni wa fiqhi wamelishughulikia kwa karne nyingi, hasa katika mlango wa talaka. Mume akimwambia mkewe kwamba akitoka nyumbani siku fulani ameachika, amefunga talaka kwenye sharti. Kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu manne, likiwemo la Shafii linalofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, sharti likitimia talaka imepita. Mume hahitaji kutamka tena, wala kuwapo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliona vingine: ikiwa mume alitaka kumzuia mke tu, wala hakukusudia kuachana naye, kauli yake ni kiapo, na anachodaiwa ni kafara. Upande mmoja unashika kilichotamkwa, wa pili unarudi kuuliza kilichokusudiwa. Mashine haina njia ya kuwa upande wa pili. Seva iliyoambiwa ifute mafaili ya zamani diski ikifika asilimia 90 haitauliza kama mwandishi aliyakumbuka mahesabu ya mwaka yaliyowekwa humo kwa muda. Nia imebaki kwa binadamu, na hukumu huifuata iliko.

Kuna atakayejitetea kwamba yeye alisababisha tu, aliyetenda ni mashine. Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyotungwa kati ya 1869 na 1876, inautambua utofauti huo: mtendaji wa moja kwa moja hulipa hasara hata kama hakukusudia, ilhali msababishaji halipi mpaka awe amekusudia. Utetezi huo haumfai mwandishi wa skripti. Kati ya amri yake na tendo hapajaingia hiari ya mtu mwingine. Mashine haikuwa na la kuchagua, na chombo kisicho na hiari hakiwezi kubeba dhamana kwa niaba ya mkono uliokishika, hata mkono huo ukiwa mji mwingine. Watengenezaji wenyewe wanaonekana kulijua hilo. NRPE, ajenti inayokaa kwenye seva ya mbali na kuipokelea Nagios maagizo, kwa kawaida huendesha zile amri tu zilizokwisha kuandikwa kwenye faili lake. Anayetaka ikubali pia vigezo vinavyotumwa kutoka nje hana budi kubadilisha mpangilio unaoitwa dont_blame_nrpe kutoka 0 kuwa 1, yaani kukubali kwa maandishi kwamba lawama haitaiangukia NRPE. Ni nadra mkataba wa dhamana kufupishwa kiasi hicho.

Utetezi wenye uzito zaidi ni wa kutojua. Katika kitabu cha Waamuzi, ndani ya Biblia, Yeftha anaweka nadhiri kwamba akirudi salama kutoka vita na Waamoni, chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki kitakuwa sadaka ya kuteketezwa. Anayetoka ni binti yake wa pekee, na matari na michezo. Ni kweli Yeftha hakujua nani atatoka. Lakini kutojua huko alikuchagua mwenyewe, pale alipoiacha nafasi ya kitu kisichotajwa wazi namna ile. Kosa la skripti nyingi liko hapo hapo: nia ni njema, sharti ni pana.

Mfano unaojulikana ni wa GitHub, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu mtandaoni, tarehe 21 Oktoba 2018. Kazi ya kawaida ya kubadilisha kifaa cha mtandao kilichoanza kuharibika ilikata mawasiliano ya kituo chao kikuu cha data, mashariki mwa Marekani, kwa sekunde 43. Orchestrator, programu iliyosimamia hifadhidata zao, ilihesabu kura za mashine zilizobaki, ikaona kituo kimepotea, ikahamishia uongozi pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila pwani ilikuwa na taarifa ambazo nyingine haikuwa nazo. Huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11. Programu ilikuwa imetenda kama ilivyopangwa, hilo kampuni yenyewe ilieleza. Baadaye iliizuia isivushe uongozi kutoka kanda moja hadi nyingine. Yaani sharti lilipunguzwa upana.

Sekunde 43 zinaleta suala la yakini. Nagios hutofautisha hali laini, ambayo bado inachunguzwa, na hali ngumu, inayotangazwa baada ya majaribio kadhaa kushindwa mfululizo. Mfano uliomo katika maelekezo yake huiwasha upya huduma ya wavuti kwenye jaribio la tatu kati ya manne, kabla binadamu hajaarifiwa. Hapo skripti inatenda kwa dhana. Kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka ingelikataza hilo likichukuliwa juu juu, lakini uzito wa tendo nao hupimwa. Kuwasha upya huduma ambayo huenda ni nzima hugharimu sekunde chache (na, kusema kweli, mteja mmoja aliyekuwa katikati ya malipo). Kufuta au kuhamisha uongozi wa data hakurudi nyuma kwa wepesi huo, na hakustahili kufanywa kwa dhana.

Haifuati kwamba binadamu arudishwe kila mahali. Mtu aliyeamshwa saa tisa usiku, simu ikilia mfululizo, macho yakiwa bado mazito, naye hutenda kwa mazoea zaidi kuliko kwa uamuzi. Amri iliyoandikwa mchana kwa utulivu, ikasomwa na wenzake, huenda imebeba hiari zaidi kuliko kidole chake saa hiyo. Kuwapo tu kwa mtu hakulifanyi tendo kuwa la kimaadili.

Linalobaki ni nani mwenye mamlaka ya kufungua kilichofungwa. Marabi katika Midrash, yaani tafsiri za kale za Kiyahudi za Maandiko, waliona nadhiri ya Yeftha ingeweza kufunguliwa na kuhani Finehasi, lakini kila mmoja aliona ni fedheha kumwendea mwenziwe, na binti akaangamia kati ya heshima mbili. Kwa skripti, ugumu huzidi pale mwandishi alipokwisha kuhama kazi. Masharti yake yanaendelea kusubiri kwenye seva, na aliyerithi mifumo pengine hajui kama yapo. Akishayajua na kuyaacha, tendo limekuwa lake. Asipoyajua, dhamana inarudi kwa waliomkabidhi seva bila kumkabidhi orodha ya amri zinazosubiri ndani yake.