Mgonjwa Akikataa Dawa

Mzee amelala hospitalini mwezi mzima. Hatembei tena, na chakula hula kidogo sana. Mganga asema: "Twaweza kumpasua mara ya pili, lakini sitoi ahadi." Watoto wamekwisha kuuza shamba moja, je, wauze na la pili? Naye mzee mwenyewe asema: "Nirudisheni nyumbani, mniitie Padri." Hapo jamaa yagawanyika. Mmoja asema: "Tukimrudisha, tumemwua baba." Mwingine ajibu: "Tukimlazimisha, twamtesa bure."

Nani asema kweli? Swali hili si la jamaa zetu peke yake. Katika nchi ya Ubelgiji sheria ya mwaka 2002 yampa mganga ruhusa ya kumwua mgonjwa aliyeomba kufa, akishika masharti fulani. Eklezia imekataa sheria ile, na sababu zake wasomaji wetu wazijua. Lakini tunapenda kutazama leo upande mwingine, kwa Wahindu, maana nao wameliwaza jambo hili kwa karne nyingi, na mawazo yao si mepesi.

Kwanza tusichanganye maneno. Mhindi ni mtu wa India, awe Mwislamu, awe Mkristu, awe nani. Mhindu ni mfuasi wa dini ile ya kale. (Wakristu wa pwani ya Malabar, huko huko India, ni wa kale kuliko Wakristu wengi wa Ulaya, jambo hili twalisahau upesi.)

Basi, kulikuwa na mtu jina lake Vinoba Bhave, aliyezaliwa mwaka 1895, mfuasi wa Gandhi. Mwaka 1951 alianza kutembea kwa miguu kijiji kwa kijiji, akiwaomba wenye mashamba makubwa wawagawie maskini sehemu ya ardhi. Alifanya kazi ile miaka mingi, bila cheo, bila mali. Mwezi wa Novemba 1982, alipokuwa na miaka 87, moyo wake ukaugua. Akaona kazi yake imekwisha. Akakataa dawa, akakataa na chakula, akafa tarehe 15 Novemba katika makao yake ya Paunar. Wahindu wengi hawakusema kwamba amejiua. Walisema: amekufa kama mtu mtakatifu.

Mkristu akisikia hivyo hushangaa. Je, dini yao yaruhusu kujiua? Hapana, yakataza. Wahindu wasadiki kwamba roho huzaliwa tena na tena, na matunda ya matendo, wanayoyaita karma, humfuata mtu toka maisha haya mpaka mengine. Kwa hiyo anayejiua kwa hasira au kwa kukata tamaa hakukimbia kitu; mzigo wake utamngojea mbele. Tena wana amri kubwa ya kutodhuru kiumbe hai, nayo yamhusu mtu na mwili wake mwenyewe vilevile.

Lakini wameweka njia moja ya pembeni, jina lake prayopavesa, yaani kufunga chakula mpaka kufa. Si ya kila mtu. Ni kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha, asiye na wajibu uliobaki kwa watoto wala kwa wengine, asiye na tamaa tena. Lazima aitangaze wazi, asiifanye kwa siri, na aende polepole, ili hata dakika za mwisho awe na nafasi ya kusali na kuaga. Katika utenzi wao mkubwa, Mahabharata, yuko mzee Bhishma aliyelala juu ya mishale akichagua mwenyewe saa ya kufa kwake. Mfano huo umo katika mioyo yao, kama mifano ya watakatifu ilivyo katika mioyo yetu.

Hata hivyo wao wenyewe hawapatani katika yote. Juu ya mganga anayefupisha maumivu ya mgonjwa, mmoja husema: ni tendo jema, lina thawabu. Mwingine husema: hapana, amemzuia mgonjwa asimalize deni lake la zamani, na deni hilo litarudi. Wote wawili watumia neno lile lile, karma! Ndiyo maana hatuwezi kusema kwa ufupi, "Wahindu hufundisha hivi," tukanyamaza.

Na sisi je? Sisi twasadiki kwamba mtu huzaliwa mara moja na kufa mara moja, na kwamba uzima ni amana. Mwenye mali ni Mungu. Sisi ni watunzaji. Mtunzaji hawezi kuitupa amana, hata ikiwa imechakaa. Wengine huvuta neno hilo mbali mno, wakidhani Eklezia yawalazimisha wagonjwa kupokea kila dawa, kila mashine, kila kisu, mpaka pumzi ya mwisho. Sivyo, wala haikuwa hivyo zamani. Karne ya 16 Padri Francisco de Vitoria wa Hispania alifundisha kwamba mgonjwa hana lazima ya kula vyakula vya tunu, hata kuku, ijapokuwa mganga amemshauri. Vyakula vya kawaida vyatosha. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio wa 12, akiwajibu waganga, alisema kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kulinda uzima, si njia zinazoleta mzigo mzito mno kwake au kwa wengine. Mwaka ule ule aliruhusu dawa za kutuliza maumivu makali hata kama huenda zikafupisha siku, mradi mganga hakusudii kuua.

Papa Yohane Paulo wa 2 alifundisha hayo, kisha akayaishi. Mwezi wa Februari 2005 alipasuliwa kooni hospitalini Roma. Mwisho wa Machi alishikwa na homa kali. Hawakumrudisha hospitali, alibaki chumbani kwake Vatikani, akasomewa sala, akafa jioni ya tarehe 2 Aprili. Hakuna Mkatoliki anayesema kwamba alijiua.

Hebu sasa tumweke karibu na Vinoba. Wazee wawili, wenye sala wote wawili, wote wawili wamechoka. Kama Vinoba angekataa dawa peke yake, na hospitali, mwalimu wetu wa maadili hangeona kosa. Tofauti imo katika chakula. Mtu ambaye tumbo lake halipokei tena, au anayekaribia kufa na chakula chamwumiza tu, hana lazima ya kula. Mwili umefunga mlango wenyewe. Lakini kuacha chakula kinachoweza kuusaidia mwili, kwa kusudi kwamba kifo kije, hilo kwetu haliruhusiwi, hata kwa mzee mwenye sifa. Twasema hivyo juu ya tendo. Moyo wa Vinoba aujua Mungu, na mtu aliyewaombea maskini mashamba miaka yote ile hatutamhukumu sisi.

Tuseme pia neno moja la kwetu. Katika vijiji vyetu wengi hawafi kwa kukataa dawa. Hufa kwa sababu dawa haikuwako, au fedha haikuwako. Aliyenyimwa dawa si sawa na aliyeikataa, na jamaa isitumie mafundisho ya Mapapa kuficha ubahili. Yule mzee wa hospitalini akisema mwenyewe, akili ikiwa timamu, kwamba apasuliwe basi, asikilizwe. Watoto wakisema badala yake kwa kuwa wamechoka kulipa, hapo ni neno jingine kabisa.

Wahindu nao walilazimika kujibu swali hili mbele ya waamuzi. Mwaka 1973 mwuguzi mmoja wa hospitali ya Bombay alishambuliwa vibaya, ubongo ukaharibika, asipate tena kusema wala kujitambua. Mtu mmoja mwandishi akaomba Baraza Kuu la India kwamba waache kumlisha, afe. Tarehe 7 Machi 2011 waamuzi walitoa neno: kuondoa mashine za kumtunza mgonjwa asiye na tumaini kwaweza kuruhusiwa kwa masharti, lakini huyu, hapana. Kwa nini? Kwa sababu wauguzi wa hospitali ile walikataa. Hawakuwa ndugu zake wa damu. Wengine walikuwa hawajazaliwa alipoumizwa. Lakini walikuwa wakimlisha chakula kilichopondwa, wakimwosha, wakimgeuza kitandani, zamu kwa zamu, miaka 37. Na waganga waliotumwa kumchunguza hawakuona juu ya ngozi yake kidonda hata kimoja cha kulala. Wakaendelea hivyo mpaka mwezi wa Mei 2015, alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu.