Yowe Lisiloitikiwa

Mura, nimeisoma riwaya yako yote, pamoja na uchovu wa macho haya. Umeiangusha nchi kwa usiku mmoja: umeme unakatika Dar es Salaam, benki zinafungwa, simu zinanyamaza, na kunapokucha watu wanachinjana barabarani. Sikukatazi kuandika habari hizo. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, ziwa letu hilihili, alitoa riwaya ya Mzingile mwaka 1991 akaitazama dunia iliyokwisha kuteketea, nami namheshimu kwa ujasiri ule. Ninachokuomba ni uache haraka.

Jamii haifi kwa kukosa taa, mwanangu. Vijiji vyetu vingi, Tarime na hata ng'ambo ya Mto Mara huko Serengeti, vimeishi miaka mingi gizani, na watu wakaozana, wakazikana, wakaazimana majembe.

Andika juu ya yowe. Ng'ombe wakiibwa usiku, mama hutoka nje akalipiga, mji wa pili ukalipokea, wa tatu vilevile, mpaka bonde zima likaamka. Alfajiri nyayo husomwa kwenye umande: kwato zimechimba udongo kwa sababu wanyama walikimbizwa, na kando yake alama ya raba ya mtu. Nyayo zikiingia kijiji fulani, wenyeji wake huzipokea. Waonyeshe zilikotokea, ama walipe. Mpango huo wote ulisimama juu ya jambo moja: aliyesikia aitike, hata kama ng'ombe si wake.

Sasa tazama ulivyolegea. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa vijijini. Ng'ombe wa mahari akageuka bidhaa ya kuvushwa mpakani. Aliyetoka na rungu akapokewa kwa risasi, na watu wakaanza kusita nyuma ya milango. Kisha likaja swali: hilo yowe ni la ukoo gani, la Wairegi au la Wanyabasi? Nimechoka, sikufichi. Nimekaa vikao vya suluhu vya kutosha kujua kwamba nyumba zetu zilianza kuungua siku tulipoanza kuuliza hivyo, kabla mtu hajawasha kiberiti.

Utaniambia Kenya ililipuka ghafla. Ni kweli matokeo ya urais yalitangazwa 30 Desemba 2007, na 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likachomwa na watu wakiwa ndani. Lakini ugomvi wa ardhi wa Bonde la Ufa ulikuwa na miongo, na damu ilikwisha kumwagika kwenye chaguzi za 1992 na 1997. Waliosikia mwanzoni walisema ni mambo ya kabila fulani.

Jambo jingine: katika kitabu chako maovu yote huja baada ya serikali kutoweka. Kwa nini? Nenda Nyamongo. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi kwenye mgodi wa North Mara, walipoingia kutafuta mawe ya dhahabu. Serikali ilikuwepo, na dhahabu ilikuwa na bei nzuri duniani. Hilo nalo ni anguko, tena gumu zaidi kuliandika, maana huna giza la kulisingizia.

Katika sura yako ya tatu yuko mama aliyejifungia na wanawe huku jirani akipiga kelele. Umempa mistari miwili, ukakimbilia moto wa mjini. Mrudie. Mpe usiku mzima. Aitambue sauti ile, akumbuke nani alimshika mkono alipojifungua kitinda mimba wake, kisha amwambie mwanawe mkubwa aweke rungu chini. Kijana amuulize kwa nini hawatoki, naye amjibu. Hilo jibu ndilo sijaliona popote katika kurasa zako. Kaliandike kwanza, ndipo uje unisomee.