MIFUPA YA MTOTO: TUMLAUMU NANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mifupa na nyama, Mwenye kujua yaliyo tumboni mwa mama kabla sisi hatujayajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Leo tuzungumze juu ya swali ambalo limevunja nyumba nyingi katika mji wetu. Mtoto akizaliwa na miguu iliyopinda, au akibaki mfupi wakati wenzake wanarefuka, au akishikwa na degedege mara kwa mara, wakubwa wa ukoo huketi baraza, na neno la kwanza ni hili: jambo hili limetoka kwa nani? Hawaulizi ili wapate dawa. Wanauliza ili wapate mkosaji.

Miaka iliyopita niliitwa kwenye baraza ya namna hiyo. Mtoto alikuwa wa kiume, umri wake kama miaka sita, mfupi, na degedege lilikuwa limemshika mara tatu katika mwezi mmoja. Shangazi zake wakasema: katika ukoo wetu kitu hiki hakipo, kimeletwa na huyu mwanamke. Mzee mmoja akaongeza kwamba afadhali mtoto mwenyewe achunguzwe, pengine ni mlozi. Mama yake alikuwa amekaa chini karibu na mlango, mtoto amemlalia mapajani. Mimi niliombwa dua. Nikaomba dua, nikanywa chai, nikarudi nyumbani. Sikusema neno lingine. Baada ya wiki mbili mama yule alirudishwa kwao pamoja na mtoto wake. Kunyamaza kwangu siku ile ndiko kunakonifanya niandike karatasi hii.

Ndugu Waislamu, jibu nilikuwa nalo, maana nililisoma tangu ujana wangu kwa mwalimu wangu. Katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na shaka juu ya mtoto aliyezaliwa nyumbani mwake, kwa sababu mtoto alikuwa mweusi na yeye hakuwa hivyo. Alitaka kumkana. Mtume hakumkaripia. Alimwuliza habari za ngamia wake. Bedui akasema ni wekundu. Akaulizwa kama hakuna wa rangi ya kijivu kati yao, akakubali kwamba wapo. Akaulizwa rangi hiyo imetoka wapi, akajibu kwamba labda ni mshipa wa asili ulioivuta. Basi Mtume akamjulisha kwamba na mtoto wake pengine ni hivyo hivyo, na hakumruhusu kumkana.

Tazameni hekima hii. Bedui alikuja akitafuta mkosaji mmoja, naye ni mke wake. Mtume akamwonyesha mababu na mabibi, watu wengi waliokwisha kuzikwa, ambao hakuna anayeweza kuwaita barazani.

Leo wenye elimu ya tiba wameufuata mshipa huo wa asili, na nitaeleza kidogo waliyoyakuta juu ya mifupa. Shingoni mwetu kwa kawaida kuna tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zinaitwa tezi za parathiroidi. Kijana mmoja wa Uswidi, Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Uppsala, ndiye aliyezieleza kwa binadamu mwaka 1880. Tezi hizo hutoa homoni, yaani mjumbe anayepita katika damu. Kalsiamu ikipungua katika damu, mjumbe huyo huenda kwenye mifupa, ambayo ni ghala, na ghala hutoa kalsiamu. Huenda pia kwenye figo, nazo huzuia isipotee katika mkojo. Kalsiamu ikishuka sana, misuli hukakamaa, vidole hujikunja, na mtoto hupata degedege. Wengi kwetu wanaona degedege hilo na kusema ni jini.

Mwaka 1942 daktari Fuller Albright na wenzake, huko Boston katika Marekani, walieleza wagonjwa wa ajabu. Walikuwa wafupi, nyuso za mviringo, na baadhi ya mifupa ya mikono yao ilikuwa mifupi. Kalsiamu yao ilikuwa chini, lakini walipodungwa homoni hiyo mwili haukuitika. Mjumbe alifika, na figo hazikumsikia. Kuanzia mwaka 1990 watafiti walianza kuonyesha kasoro yenyewe katika jeni moja inayoitwa GNAS. Jeni ni kama maandishi madogo tunayorithi, nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watoto wa mifupa hawafanani.

Mtoto wa kwanza ni huyu wa ugonjwa wa Albright. Kasoro ya GNAS ikitoka kwa mama, mtoto huwa na mifupa mifupi na mwili wake hauisikii homoni. Kasoro ile ile ikitoka kwa baba, mtoto huwa na mifupa mifupi tu, na kalsiamu yake inabaki sawa. Basi babu anaweza kumrithisha binti yake, binti akakua mfupi kidogo bila ugonjwa mwingine, akaolewa, akazaa, na ugonjwa ukatokea wote kwa mjukuu. Anayesema umetoka kwa mama, je, atamwita barazani yule babu? Na babu naye aliupata wapi?

Mtoto wa pili ana ugonjwa ulioelezwa na Mholanzi Murk Jansen mwaka 1934. Huu ni adimu sana duniani. Hapa mlango ambao homoni ingeingilia umekwama wazi, mifupa inasikia amri hata pasipo mjumbe, na miguu inapinda. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1995. Mara nyingi katika ugonjwa huu baba hana kasoro na mama hana kasoro. Badiliko limetokea jipya kwa mtoto mwenyewe. Ukoo wa baba ukisema si sisi, unasema kweli. Ukoo wa mama ukisema si sisi, nao unasema kweli.

Mtoto wa tatu ni yule wa ugonjwa wa Blomstrand. Mlango wa homoni umefungwa kabisa, mifupa inakomaa kabla ya wakati, na mtoto hufa tumboni au mara baada ya kuzaliwa. Huyu amepokea kasoro kwa baba na kwa mama pia, nao wote wawili ni wazima. Ni kama anemi SS mnayoijua, ambayo mume na mke wenye AS hawaumwi, lakini mtoto anaumwa.

Ndugu zangu, baraza zetu hutoa hukumu moja tu kwa watoto wote hawa: ni mama. Elimu inasema mmoja alirithi kutoka mbali, mwingine hakurithi kwa yeyote, mwingine alirithi kwa wote wawili. Na tusisahau wale wengi ambao miguu yao imepinda kwa kukosa jua na chakula chenye kalsiamu, ambao hawana habari ya urithi hata kidogo.

Mtu ataniuliza: Shehe, kama hakuna mkosaji, basi hakuna wa kuwajibika? Hapana. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tulichokipokea bila kukichagua, Mwenyezi Mungu hatatuuliza kwa nini tulikipokea. Dini yetu imekataa kabisa mtu mmoja kubebeshwa mzigo wa mwingine, na mshipa wa asili si kitendo cha mtu. Lakini tutaulizwa tulifanya nini baada ya kujua. Kurithi si dhambi. Kumfukuza mama ni kitendo. Kumwita mtoto mlozi ni kitendo. Kumficha mgonjwa ndani kwa aibu mpaka afe ni kitendo. Hata imamu kunywa chai na kunyamaza ni kitendo, nami naomba msamaha wa Mola wangu.

Wengine watasema: hii ni kadari, tuiache. Kadari ni haki, na anayeikataa amepotea. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Ugonjwa ni kadari, na kidonge ni kadari pia. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ni la ndoa. Ikiwa familia inajua kwamba ugonjwa wa namna hii umo kwao, je, waseme posa inapokuja au wafiche? Nasema hivi. Kumficha mchumba jambo linalomhusu yeye na watoto wake ni udanganyifu, na udanganyifu hauna baraka. Lakini kulitangaza jambo hilo sokoni na kwenye matanga ni kusengenya, na kusengenya ni haramu hata kama unalosema ni kweli. Basi lisemwe kwa mwenye haki ya kulijua, kwa faragha, na yeye alichukue kama amana. Akioa, asije kesho akaligeuza silaha. Asipooa, afunge mdomo wake. Na ndugu wanaotaka kuoana binamu kwa binamu, sheria haikuwazuia, lakini kama katika ukoo wamekwisha kufa watoto kwa namna moja, waende kwa daktari waulize kwanza. Kuuliza si kukosa imani.

Juu ya neno la ulozi, jueni kwamba hata sheria ya nchi yetu imelikataza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inapiga marufuku kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu. Lakini Mwislamu asingoje polisi katika jambo ambalo Mola wake analiona.

Namalizia kwa yule mtoto niliyemtaja. Mama yake alipofika kwao, kaka yake alimpeleka mtoto hospitali. Wakapima damu, kalsiamu ikakutwa chini sana. Akapewa kalsiamu na vitamini D ya namna ambayo mwili unaitumia mara moja, akaambiwa asiache dawa na arudi kupimwa damu kila baada ya muda. Kama chanzo ni urithi au ni kitu kingine, daktari alisema kipimo cha kulijua hilo hakipo hapa kwetu. Lakini dawa ilikuwepo. Degedege lilikoma. Kumbe mtoto yule hakuhitaji tumjue mkosaji ili apone. Alihitaji mtu mmoja wa kumbeba hadi hospitali, na sisi watu wazima kumi na mbili tuliokuwa barazani hatukumbeba.

Basi ndugu zangu, mkiitwa kwenye baraza kama ile, msiulize limetoka kwa nani. Ulizeni: amekwisha kupimwa damu? Nani atalipa? Nani atakaa na mama usiku? Na mwenye mke aliyerudishwa kwao kwa sababu ya mtoto mgonjwa, aende akamrudishe kwa heshima kabla ya Ijumaa ijayo. Mimi niko tayari kumsindikiza.

Ee Mola wetu, waponye watoto wetu, watie nguvu mama zao, utusamehe tulipohukumu bila elimu na tuliponyamaza tukiwa na elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.