Kushinda Bila Kuvunja Sheria

Je, mtu aweza kutenda dhambi pasipo kuvunja sheria? Tunapolifikiri swali hili twakumbuka mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 1982, yaliyofanyika Hispania.

Katika kundi moja zilikuwamo Algeria, Ujerumani Magharibi, Austria na Chile, na timu mbili tu zingeendelea. Algeria iliwashangaza wengi kwa kuifunga Ujerumani Magharibi mabao 2 kwa 1. Juni 24 ikaifunga Chile 3 kwa 2, ikamaliza michezo yake. Kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria zilikutana mjini Gijón, kila upande ukiijua hesabu: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wataendelea, na Algeria itatolewa kwa tofauti ya mabao. Mapema tu Hrubesch akafunga. Baadaye mpira ukapigwa huku na huku bila nia ya kufunga, na watazamaji wakazomea. Ukaisha 1 kwa 0. Algeria ikalalamika, lakini malalamiko yake yakakataliwa. Hakuna kanuni iliyovunjwa.

Wako wasemao, "Walikosa nini? Nani alazimishwe kushambulia akiwa ameshapata haja yake?" Hoja hiyo ina uzito. Lakini sisi twaona kwamba mashindano yote yamesimama juu ya ahadi isiyoandikwa, kwamba kila aingiaye uwanjani atajitahidi kweli. Na aliyedhulumiwa siku ile ni yule ambaye hakuwamo uwanjani ajitetee.

Tangu mwaka 1986 michezo ya mwisho ya kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Ni busara, kama vile nasi tuwekavyo watu wawili kuhesabu sadaka. Kanuni hupunguza kishawishi. Haiumbi moyo mnyofu.

Nasi je? Yuko amdaiye mjane, na mkataba wampa ruhusa kulichukua shamba siku ile ile deni lichelewapo. Hakimu hatamtia hatiani. Lakini Bwana wetu aliwakemea waliotoa zaka hata ya mboga za bustanini, huku wakiacha haki na rehema.

Basi, ndugu, tusiulize tu, "Je, sheria yaniruhusu?" Tuulize pia, "Ni nani asiyekuwapo hapa, atakayeumia kwa jambo hili?"