Klipu mbili

Mwenye Hilux aliileta kwenye gereji ninayofanyia kazi, Mbarara, nitafute waya wa redio uliokatika. Kazi yenyewe ndogo. Unatoa waya hasi wa betri, unasubiri dakika kadhaa kwa ajili ya mifuko ya hewa, halafu unavuta plastiki inayozunguka redio, taratibu, kuanzia pembeni. Imeshikwa na klipu. Na usiivute yote kwa hasira, maana nyuma yake kuna plagi za swichi.

Nikasikia "ka!" mara mbili. Plastiki iliyopigwa jua miaka mingi inakauka kama biskuti.

Nyuma nikakuta kipande cha boksi kimekunjwa. Fundi aliyenitangulia naye alivunja klipu moja, akachomeka boksi ili dashibodi isipige kelele njiani. Nikamwita mwongo, kimoyomoyo. Kisha nikaangalia zangu mbili.

Ningeirudisha ingekaa vizuri tu, klipu zilizobaki zinatosha. Mwenye gari asingeona kitu. Sasa kunyamaza ni uongo? Kwetu Uvira tulifundishwa kwamba ukweli ni mmoja. Sawa, ni mmoja, lakini bei yake je? Fundi mwenyeji akisema klipu zimevunjika, basi zimevunjika. Mimi nikisema hivyo, mkimbizi ameharibu gari ya watu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaniruhusu kufanya kazi, lakini jina zuri halimo humo. Tena pale gereji tuko watatu kutoka Nakivale, aibu yangu tungegawana. Kwa hiyo nikajiambia: nanyamaza kwa ajili ya wenzangu.

Hoja hiyo niliipenda haraka mno, ndiyo maana nikaishuku. Wenzangu sikuwauliza. Na aliyelipia ukimya wa yule fundi wa kwanza hakuwa fundi, alikuwa huyu mzee, aliyeondoka akidhani gari yake nzima.

Nikamwita. "Mzee, nimevunja klipu mbili. Hii ya tatu nimeikuta hivi."

Nilijua ya tatu hataiamini. Akainama, akaigusa ile boksi kwa kidole, akacheka kidogo. Kicheko kile sikukielewa. Akanikata shilingi elfu tano, akaondoka redio ikiimba.

Wenzangu hawakusema neno mpaka jioni. Mmoja akaniuliza kama nina uhakika ile ya tatu haikuwa yangu.