Dhahabu Huondoka, Ukuta Hubaki

Kilwa Kisiwani iko mbali sana na Geita, lakini miji hii ina undugu: yote imekula mkate wa dhahabu. Msafiri Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331, aliusifu kuwa ni mji mzuri, na utajiri wake ulitokana na dhahabu ya bara iliyopitia bandari ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno wakauteka na kuupora. Dhahabu ile leo haionekani. Kinachoonekana ni mawe ya matumbawe ya Msikiti Mkuu, na kuba zake ambazo mafundi walizipachika bakuli za kauri zilizotiwa rangi, zilizovuka bahari kutoka nchi za mbali.

Naitafakari sana bakuli mojawapo ya zile za kwenye kuba. Aliyeinunua angeweza kulia pilau nyumbani kwake, au kuifungia sandukuni. Badala yake ilitiwa kwenye chokaa, juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo hakuna atakayeishika tena. Uso wake laini ukawa unanasa mwanga wa mchana na wa taa, na kila aliyeingia kusali, tajiri na hamali, akaupata sawasawa. Thamani yake haikupungua kwa kugawanywa kwa macho mengi, iliongezeka.

Pwani nzima iliishika desturi hiyo. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, safu za vishubaka vya plasta iliyonakshiwa, ambamo sahani za kauri zilipangwa zimtazame mgeni. Kwenye magofu ya Gede kuna vishubaka vya kuwekea taa. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, sahani za Kichina zilipachikwa hata kwenye kaburi la nguzo. Taa, kauri na ukuta vilikuwa kitu kimoja, na vyote vilimwambia anayeingia: karibu, umehesabiwa.

Usukumani nako ukuta haukuwa kitu kikavu. Mwaka 1953 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya chama cha wacheza nyoka. Haikuwa pambo tu. Ilikuwa mafunzo kwa wanachama. Na katika nyumba za kawaida za Shinyanga, mwanga ulitoka kwenye koroboi: kopo dogo, mafuta ya taa, utambi wa pamba kutoka shamba lile lile tulilolima dhahabu nyeupe. Moshi wake uliupaka ukuta masizi. Lakini koroboi moja ilitosha nyumba nzima. Bibi alisimulia, mtoto alisoma, jirani aliyekuja kuomba chumvi alikaa, kwa sababu mwanga ulikuwa mmoja na kila mtu alilazimika kuusogelea.

Leo umeme umefika vijiji vingi, na hilo ni jambo la kushukuru bila kusita. Ukipita Kahama au Geita utaona nyumba mpya zenye dari za jipsamu na taa za ukutani za kila umbo, nyingine zina vikombe vya kauri vyenye maua ya kuchorwa kama vya zamani. Simlaumu mwenye nyumba. Aliyeshuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, na tochi kichwani, akabeba mawe mgongoni hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ana haki ya kukaa sebuleni pazuri. Wala silaumu kwamba taa zimetoka ng'ambo. Bakuli za Kilwa nazo ziliagizwa. Pambo si dhambi. Ninachouliza ni hiki: linamtazama nani? Maana mara nyingi mwanga wote uko ndani ya ukuta mrefu wenye geti, na njia ya nje, anayopita binti akitoka kuchota maji, ni giza tupu.

Dhahabu yenyewe imeshatuonya. Mgodi wa zamani wa Geita uliochimbwa tangu miaka ya 1930 ulifungwa katika miaka ya 1960, na mji ukakaa miongo mitatu ukingoja, hadi mgodi mkubwa wa sasa ulipoanza kuzalisha mwaka 2000. Buzwagi ya Kahama ilianza mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka migodi iandae mipango ya kuchangia jamii pamoja na halmashauri, na ni vizuri. Lakini sheria hiyo inawahusu wenye leseni za uchimbaji. Mchimbaji mdogo asiye na leseni yake anayetoka soko la dhahabu na fedha mfukoni, dalali, mwenye karasha, mwenye duara, hao hawaandikiwi mpango na mtu. Wanajiandikia wenyewe, kwa namna wanavyojenga.

Naamini utajiri wa mtu hupimwa kwa kile alichokiweka mahali ambapo mwenzake anaweza kukifaidi bila kuomba. Bakuli ya Kilwa ilipita kipimo hicho, na ndiyo maana bado tunaizungumzia wakati majina ya waliokuwa na dhahabu nyingi kuliko wote tumeyasahau.

Basi anayemalizia nyumba mwaka huu, Nyarugusu, Katoro au Shinyanga mjini, baada ya kuchagua taa za sebule na za chumbani, achague moja nzuri kuliko zote na kuifunga kwenye ukuta wa nje, upande wa njia. Akipenda, amwendee mama mfinyanzi wa kijijini amtengenezee kifuniko cha udongo chenye matundu, kipakwe rangi nyeupe na nyekundu. Gharama yake ya umeme ni ndogo. Wapita njia watajua kwamba dhahabu ya nchi yao iliwafikia na wao.